JIFUNZE NCHI YAKO: Njabini na Uwanda wa Kinangop

Katika ukurasa huu tumezoea kufundishana habari za ng'ombe, mbegu na mbolea. Mwezi huu somo letu ni habari za mahali. Tumechagua Njabini, mji mdogo ulio upande wa kusini wa uwanda wa Kinangop katika Kaunti ya Nyandarua, kwa kuwa wakulima wengi wa skimu wataona humo mambo yanayofanana na ya kwao. Msomaji wa Ol Kalou, wa Molo au wa Uasin Gishu asidhani kwamba hayamhusu. Asome, kisha alinganishe na shamba lake.

Labda mwingine atauliza, "Historia na jiografia zitanifaa nini katika viazi vyangu?" Tunamwomba avumilie kidogo. Shamba la skimu lilikatwa kwa hesabu. Hesabu ile ilitokana na udongo, na udongo ulitokana na moto wa chini ya nchi. Wazee wanaowagawia watoto wao mashamba siku hizi bila kuijua hesabu hiyo hujikuta wamempa mmoja chakula na mwingine maji yaliyosimama.

NGAZI YA NCHI

Ukisimama kando ya ziwa la Naivasha uko yapata mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Ukitazama mashariki utaona nchi imesimama kama ukuta. Panda ukuta ule, na badala ya kuteremka upande wa pili utajikuta juu ya nchi tambarare, pana, yenye baridi. Hiyo ndiyo Kinangop, yenye kimo cha kiasi cha mita 2,400 mpaka 2,700, yaani futi 8,000 na zaidi. Ukiendelea mashariki utafika kwenye ukuta wa pili, nao ni milima ya Nyandarua. Kilele cha kusini, ambacho nacho huitwa Kinangop, kina mita 3,906, na kile cha kaskazini, Ol Donyo Lesatima, kinakaribia mita 4,000. Kwa hiyo uwanda wa Kinangop si mlima wala si bonde. Ni kidato kimoja cha ngazi kati ya milima na Bonde la Ufa.

Ngazi hii ilifanyika namna gani? Hapo kale sana nchi ilipasuka kutoka kaskazini kwenda kusini, na sehemu ya katikati ikadidimia. Haikudidimia kwa mara moja wala kwa mstari mmoja. Ilikatika hapa, ikakatika na pale, ndiyo maana kuna vidato. Wakati huohuo volkano zilikuwa zikitapika majivu ya moto. Majivu yalimwagika juu ya kidato cha Kinangop, yakajaza mabonde madogo, yakatulia, yakashikana yakawa jiwe jepesi ambalo mtu aweza kulikata kwa shoka. Watu wa huko hulitumia kujengea. Kwa sababu ya majivu hayo, nchi iko sawasawa kama meza, na kwa sababu iko sawasawa, maji ya mvua hayajui yaende wapi.

Hapa ndipo penye shida kubwa ya Kinangop, nasi tutakaa hapo kidogo.

UDONGO WENYE SAKAFU

Karibu na mlima, ambako nchi ina mteremko, udongo ni mwekundu au mweusi, mwepesi, wenye kina kirefu. Maji hupita ndani yake vizuri. Ukiteremka kuelekea katikati ya uwanda udongo hubadilika. Juu kuna tabaka la rangi ya majivu, laini, lisilo na nguvu nyingi. Chini yake, pengine kwa kina cha jembe moja na nusu tu, pengine zaidi kidogo, kuna mfinyanzi mzito kama sakafu. Wataalamu wa udongo huuita planosoli.

Mvua ikinyesha maji hushuka mpaka kwenye sakafu ile, hayapiti. Hujaa kutoka chini kuja juu, na mizizi ya mmea hukosa hewa. Mkulima huona majani ya viazi au ya kabeji yakigeuka manjano katikati ya mvua, akadhani ni upungufu wa mbolea, akaenda kununua gunia jingine. Ukiukia wa jua ukifika, udongo uleule hukauka na kupasuka, na mizizi ambayo haikuweza kwenda chini hukosa maji. Basi shamba moja laweza kuua mimea kwa maji mwezi wa Mei na kwa kiu mwezi wa Februari.

Nyasi za asili za mahali hapa zilikuwa zimezoea hali hiyo. Ni nyasi ngumu zinazoota kwa mafungu mafungu, na katikati ya mafungu maji hupita polepole. Ndani yake huishi ndege mdogo mwenye kifua cha manjano na ukucha mrefu wa nyuma, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Haonekani katika nchi yoyote duniani isipokuwa Kenya, na Kinangop ni mojawapo ya makao yake makubwa. Hutaga mayai chini, ndani ya fungu la nyasi, kwa hiyo kila ekari inayolimwa humpunguzia mahali pa kukaa. Chama cha Nature Kenya kimenunua vipande vichache vya nyasi huko Kinangop ili vibaki kama vilivyokuwa. Wakulima wengine walicheka waliposikia mtu amenunua shamba kwa ajili ya ndege. Lakini mwenye kulisha ng'ombe na kondoo juu ya nyasi zile bila kuzilima hatakuwa amekosea, kwa maana mara nyingi kipande kinachompendeza ndege huyo ndicho kisichofaa kwa jembe.

Neno moja kwa wafugaji. Mahali penye maji yaliyosimama huishi konokono wadogo wanaobeba minyoo ya ini. Ng'ombe au kondoo akila nyasi za hapo hukonda ingawa anashiba. Zungushia ua sehemu iliyolowa, na uulize Bwana Mifugo habari za dawa na wakati wa kuinywesha.

MAJI YA KWENDA PANDE MBILI

Watoto wa shule huko Njabini waweza kufundishwa jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui. Mvua inayonyesha katika tarafa hii ndogo hugawanyika kwenda pande mbili. Kijito cha Sasumua, karibu na mji, huingia katika mto Chania. Chania huelekea mashariki, hupita Thika, huingia katika mto wa Tana, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi. Lakini ukienda kaskazini kidogo, vijito hufuata mto Turasha, na Turasha huingia katika Malewa. Malewa huteremka mpaka ziwa la Naivasha na kuishia hapo, maana ziwa hilo halina mto unaotoka. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia katika ziwa hilo huletwa na Malewa.

Kwa hiyo udongo unaochukuliwa na maji kutoka shamba moja waweza kufika baharini, na wa jirani yake ukaishia chini ya ziwa la Naivasha. Tutarudi kwenye habari hii.

WATU WA KWANZA NA MAJINA YAO

Majina ya nchi hayafutiki upesi. Kinangop ni jina la Kimaasai. Naivasha pia, na maana yake ni maji yenye kuchafuka kwa mawimbi. Ol Donyo Lesatima ni mlima wa ndama dume. Nyandarua ni neno la Kikikuyu, na husemwa kwamba milima hiyo ikitazamwa kutoka mbali yafanana na ngozi iliyoanikwa ikauke. Kwa majina haya matupu waweza kujua nani alikuwa akiitazama nchi hii, na kutoka upande gani. Mmaasai aliitazama akiwa magharibi na mifugo yake, Mkikuyu aliitazama kutoka mashariki, akiwa katika matuta yake ya mtama na viazi vitamu. Msituni waliishi wawindaji na warina asali ambao watu waliwaita Wadorobo. Katikati ya makabila haya palikuwa na vita na wizi wa ng'ombe, na palikuwa na biashara vilevile. Ngozi na mifugo zilibadilishwa kwa nafaka na tumbaku, na wanawake walipita na mizigo yao hata katika siku za vita.

Katika mwaka wa 1883 Mskoti Joseph Thomson alipita Naivasha pamoja na msafara wa watu wa pwani. Katika safari hiyo alifuatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia ya Umaasaini. Thomson ndiye aliyeipa milima jina la Aberdare, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa Uingereza ambaye hakuwahi kuiona.

Miaka michache baadaye, karibu na 1890, sotoka iliingia ikaua ng'ombe wa Wamaasai kwa wingi usiohesabika, na nyuma yake ndui ikaua watu. Hili ni jambo la kukumbukwa. Waingereza walipofika na reli yao wakati wa kuingia karne ya ishirini, waliona malisho mapana yasiyo na watu wengi wakasema nchi ni tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa katika msiba.

Katika Agosti 1904 Wamaasai, wakiongozwa na Olonana, walitiwa katika mapatano ya kuyaacha malisho ya Bonde la Ufa karibu na reli, pamoja na Kinangop, wengine wahamie Laikipia na wengine kusini. Waliambiwa Laikipia itakuwa yao daima. Hiyo daima ilidumu miaka saba. Katika mwaka wa 1911 yalifanywa mapatano ya pili ya kuwahamisha kutoka Laikipia kwenda kusini, na mwaka wa 1913 mahakama iliikataa kesi iliyoletwa na Ole Njogo na wenzake kuyapinga.

Kinangop ikawa sehemu ya nchi iliyotengwa kwa ajili ya Wazungu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwaruhusu kukodi kwa miaka 999. Wengine waliletwa baada ya vita vya kwanza vya dunia, wengine baada ya vita vya pili. Walifuga kondoo wa sufi na ng'ombe, wakalima ngano na pareto. Kazi yenyewe ilifanywa zaidi na Wakikuyu waliokaa mashambani kama maskwota. Mwanzoni skwota aliruhusiwa kulima kipande na kufuga mifugo yake kwa malipo ya kufanya kazi siku fulani katika mwaka. Baada ya sheria ya 1937 siku za kazi ziliongezwa, na mifugo ya maskwota ikapunguzwa kidogo kidogo mpaka wengi wakabaki bila kitu. Watu hao walizaliwa Kinangop, wakazaa Kinangop, lakini hawakuwa na haki hata ya kaburi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Msitu wa Nyandarua ukawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau, na Kinangop, iliyo ukingoni mwa msitu, ikamwagikiwa na damu ya watu wa kila rangi. Maskwota walifukuzwa kwa maelfu kurudi katika hifadhi za Wakikuyu, mahali ambapo wengi wao hawakuwa na shamba. Hali ya Hatari iliondolewa mwaka wa 1960, na mkutano wa Lancaster House wa mwaka huohuo ukaonyesha wazi kwamba utawala wa Kiafrika unakuja.

HESABU YA SKIMU

Katika mwaka wa 1962 ulianza mpango wa ekari milioni moja. Serikali ilinunua mashamba ya Wazungu kwa fedha zilizotoka Uingereza, Benki ya Dunia na Shirika la CDC, ikayakata na kuwapa Waafrika. Katika mpango wote familia kama 35,000 zilipata mashamba. Kinangop ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na majina ya skimu zake yanaendelea kutumika kama majina ya vijiji: Njabini, Tulaga, Karati, Nandarasi, Muruaki, Mkungi, Kitiri na nyinginezo. Wilaya ya Nyandarua yenyewe ilizaliwa mwaka wa 1963 kutokana na kazi hiyo, na tangu 2013 ni kaunti.

Sasa ifikirie hesabu hii kwa makini. Shamba la skimu ya watu wengi halikukatwa kwa ukubwa mmoja. Maofisa waliweka kwanza mapato: mkulima alishe jamaa yake, alipe mkopo wake, na baada ya hayo abaki na pauni 25 kwa mwaka. Katika skimu nyingine shabaha ilikuwa pauni 40, katika nyingine pauni 70. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Kisha walipima udongo na mvua, wakauliza: Ni ekari ngapi za hapa zitakazotoa mapato hayo? Mahali penye udongo mzuri jibu lilikuwa ekari chache. Mahali penye sakafu ya mfinyanzi jibu lilikuwa ekari nyingi.

Basi shamba kubwa halikuwa zawadi. Lilikuwa alama ya udongo mbaya. Huko Ol Kalou, ambako sehemu nyingine zilionekana mbaya zaidi kwa mkulima mdogo, mashamba hayakukatwa kwanza hata kidogo. Yaliendeshwa kwa ushirika mpaka miaka ya 1970 ilipoingia. Wazee wengi walifurahi walipoona wamepata ekari nyingi kuliko shemeji zao wa skimu ya karibu na mlima. Baada ya msimu mmoja walielewa.

Mkopo wa ardhi ulikuwa wa miaka 30 kwa riba ya asilimia sita na nusu, na ule wa ng'ombe, ua na mbegu ulikuwa wa miaka 10. Malipo yalidaiwa kila nusu mwaka, mvua isinyeshe au inyeshe. Wengi walichelewa. Wengine waliufunga mkopo kwa maziwa yaliyopitia chama cha ushirika, wakapata hati. Wengine walikufa na deni, na watoto wao wakaja kugundua kwamba hati haitoki mpaka deni liishe. Ikiwa wewe umerithi shamba la skimu na hujawahi kuiona hati, kaulize katika ofisi ya ardhi ya kaunti habari za deni la zamani kabla hujaita mpima.

BARIDI INAYOUA NA BARIDI INAYOLEA

Njabini hupata mvua nzuri, nyingi kuliko upande wa kaskazini wa uwanda. Mvua ndefu huanza Machi na fupi hunyesha Oktoba mpaka Desemba. Adui ni jalidi. Katika Januari na Februari, usiku usio na mawingu wala upepo, joto la ardhi huruka juu, na hewa baridi huteremka polepole kama maji, ikajikusanya mabondeni. Asubuhi nyasi ni nyeupe, na jua likipanda majani ya viazi huwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jirani aliye juu kidogo, hata kwa mita chache, huenda asipoteze kitu. Kwa hiyo viazi vya mwisho wa mwaka vipandwe sehemu ya juu ya shamba, na vipandwe mapema. Bondeni weka kabeji, oti au nyasi, ambazo huvumilia. Tena usipande ua mnene wa miti kukata mteremko chini ya shamba la viazi, maana utaizuia hewa baridi isipite, ikalala juu ya mimea yako.

Lakini baridi ina wema wake. Pareto haitoi maua vizuri mahali pa joto. Huhitaji siku kadhaa za baridi ndipo vikonyo vya maua vianze. Ndiyo maana zao hili, lililoletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, lilikubali sana Kinangop na Molo, na kwa miaka mingi Kenya ilitoa pareto nyingi kupita nchi zote za dunia. Pareto ilisomesha watoto wengi wa skimu. Baadaye, miaka ya 2000 ilipoingia, malipo yalicheleweshwa miezi kwa miezi, wakulima wakachoka, wakang'oa, wakapanda viazi. Siku hizi wapo wanaoirudia kidogo kidogo.

Viazi vilivyochukua mahali pake vina hatari yao. Mtu hupanda viazi juu ya viazi kila msimu, kwa sababu pesa hupatikana upesi na njia ya lami ya kwenda Flyover, penye barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, iko karibu. Udongo huchoka na ugonjwa hujikusanya. Mnyauko wa bakteria hukaa ardhini, na tangu 2015 wataalamu wamethibitisha kwamba minyoo midogo sana ya mizizi ya viazi imeingia Kenya, nayo imekutwa kwa wingi Nyandarua. Mayai yake hukaa katika udongo miaka mingi yakingoja. Dawa iliyo rahisi ni kubadilisha mazao, na kununua mbegu safi. Mwenye ekari kumi aweza kubadilisha. Mwenye robo ekari atabadilisha nini? Swali hilo laturudisha kwenye kugawa mashamba, lakini kwanza habari ya lambo.

LAMBO LA SASUMUA

Lambo la Sasumua lilimalizika mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, na mwaka wa 1968 ukuta wake uliinuliwa ili lishike maji zaidi. Liko karibu sana na Njabini. Maji yake husafishwa hapohapo, kisha huteremka kwa bomba mpaka Nairobi kwa nguvu ya mteremko tu, bila kuvutwa na mashine. Kabla ya lambo la Ndakaini kuanza kazi katika miaka ya 1990, Sasumua lilikuwa tegemeo kubwa la mji mkuu, na linaendelea kuulisha. Mwaka wa 2003 mvua kubwa iliharibu njia ya kumwagia maji ya lambo, na watu wa Nairobi wakaionja kiu.

Maji yanapoingia yakiwa na matope, wasafishaji hutumia shabu nyingi zaidi, na matope yanayobaki hujaza lambo. Matope hayo ni nini? Ni ule udongo mzuri wa karibu na mlima, ule wenye kina kirefu. Mkulima anayelima kutoka juu kwenda chini huupeleka Nairobi bila kulipwa nauli. Upande wa pili, kwenye vijito vya Malewa, ulifanywa mpango wa busara zaidi: kuanzia mwaka wa 2010 hivi, watumiaji wa maji walio karibu na ziwa la Naivasha waliwapa wakulima wa juu vocha za kununulia mbegu na mbolea, nao wakulima wakapanda majani kwenye kingo za matuta, wakaacha kulima kandokando ya mito. Vocha hazikuwa kubwa. Lakini majani ya kingoni yalilishwa ng'ombe, na watu wengine walisema faida ya maziwa iliipita vocha.

Kwa mlima huu wa mianzi na mvua, mti wa mkalitusi kando ya kijito si rafiki. Hunywa sana. Upande mahali palipolowa mno mbali na mto, hapo utakusaidia.

KUGAWA SHAMBA

Mzee aliyepewa shamba mwaka wa 1963 akiwa na miaka 30 hayupo, au ni mkongwe sana. Shamba lake limegawanywa mara moja, mara nyingi mara mbili. Ardhi iliyokatwa kwa hesabu ya kulisha jamaa moja sasa ina nyumba sita. Sheria yataka idhini ya Baraza la Ardhi kabla ya kugawa shamba la kilimo, na mabinti wana haki ya urithi kama wavulana. Hayo wengi wanayajua. Jambo lisiloulizwa sana ni hili: mstari upite wapi?

Desturi ya haraka ni kukata vipande vya mraba, kwa kuwa mpima humaliza upesi na kila mtoto huona ekari zake ni sawa na za mwenziwe. Katika shamba la Kinangop ekari zaweza kuwa sawa kwa kamba na zisiwe sawa kwa chakula. Aliyepata sehemu ya juu ana udongo wa viazi, hana jalidi, maji hayamsimamii. Aliyepata bondeni ana sakafu ya mfinyanzi, jalidi ya Januari, na maji ya ndugu zake wote. Baada ya miaka mitano huyo wa chini ameuza, na ugomvi umekuja.

Afadhali mistari ishuke kutoka juu mpaka chini, kama mababu wa Kikikuyu walivyofanya kwenye matuta yao, kila mmoja apate kipande cha juu, cha katikati na cha bondeni. Atapanda viazi juu, ataweka nyumba na ng'ombe katikati, na chini atakuwa na nyasi, pengine na bwawa dogo, kwa maana mfinyanzi unaoharibu viazi ndio mzuri wa kushika maji ya bwawa. Hatari ya mistari hiyo ni kwamba shamba jembamba humvuta mtu alime kwa kufuata urefu wake, yaani kuteremka. Hapana budi ndugu wapatane kuchimba mitaro na matuta yapite sawasawa kukata mashamba yote, kana kwamba mpaka haupo. Mtaro wa maji mmoja uwe wa wote, upelekwe kwenye nyasi na si kwenye njia ya jirani. Mapatano hayo yaandikwe, mzee angali hai.

Ikiwa vipande vitakuwa vidogo mno hata kwa njia hiyo, heri jamaa waache sehemu ya chini bila kuigawa, iwe malisho ya pamoja na zamu ya kukata majani.

KAZI YA KUFANYA MVUA IKIANZA

Chukua jembe na sepetu. Chimba mashimo matatu ya kina cha futi tatu: moja juu ya shamba, moja katikati, moja chini. Angalia udongo unapobadilika kutoka laini kuwa mfinyanzi, upime kwa kijiti kina chake, ukiandike. Kata upande wa shimo kwa kisu uone rangi. Udongo ulio mwekundu au wa hudhurungi moja kwa moja wapitisha hewa. Ukiona rangi ya kijivu yenye madoa madoa kama kutu, maji husimama hapo sehemu ya mwaka, hata kama siku unayochimba pamekauka. Funika mashimo kwa matawi ili ng'ombe na watoto wasitumbukie. Mvua kubwa ikipita, ngoja siku moja na usiku wake, kisha fungua utazame maji yamebaki wapi na kwa kimo gani. Waite watoto wako wote watazame pamoja nawe, na Bwana Shamba akipita mwonyeshe kijiti chako.